Nadhiri ya Ulpius Silvanus

Mwaka 1889 mafundi waliokuwa wakichimba karibu na mtaa wa Walbrook, katikati ya jiji la London, walifikia tabaka la udongo la enzi za Warumi. Miongoni mwa vitu walivyovitoa kulikuwa na bamba la marumaru lenye upana wa kama nusu mita, na usoni pake palikuwa na mchongo wa kijana anayemuua fahali.

Ukilisogelea bamba hilo utaona kazi ya mkono uliokuwa na mengi ya kusema na nafasi ndogo ya kuyasemea. Kijana amepiga goti juu ya mgongo wa mnyama. Mkono wa kushoto umemkamata fahali na kumrudisha kichwa nyuma, wa kulia umemdidimizia jambia begani. Kichwani amevaa kofia laini ambayo ncha yake imelalia mbele, vazi ambalo machoni pa Mrumi lilikuwa alama ya mtu wa Mashariki. Pembeni wamesimama vijana wawili wenye mienge: Cautes ameuinua wake juu, Cautopates ameuinamisha chini. Picha hiyo yote imezungushiwa pete, na juu ya pete zimechongwa buruji zote 12, zile ambazo wasomaji wa magazeti yetu wanazijua kwa majina ya Ng'ombe, Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke na nyinginezo. Nje ya pete, kwenye pembe ya juu kushoto, Jua anapanda na gari lake la farasi. Kulia kwake Mwezi anateremka na gari la ng'ombe. Pembe mbili za chini zimejazwa vichwa vya miungu ya upepo.

Kisha yako maandishi, yamegawanywa vipande vipande na kusukumwa katika nafasi zilizobaki huku na huku. Ni maneno machache ya Kilatini, na maana yake ni hii: Ulpius Silvanus, askari mstaafu wa kikosi cha jeshi la Roma kiitwacho Legio II Augusta, ametimiza nadhiri. Mwishoni yameongezwa maneno mawili, kwamba "alifanywa" huko Arausio, mji ambao leo unaitwa Orange, kusini mwa Ufaransa.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa nadhiri ni nini. Mtu hubanwa na jambo, akamwahidi Mwenyezi kwamba likipita salama atafanya kitu fulani. Likishapita, ahadi imegeuka deni, nalo humlalia moyoni mpaka alilipe. Warumi nao waliishi na deni la namna hiyo, na madhabahu zao nyingi zilisimamishwa kwa ajili hiyo. Silvanus alilipa lake kwa marumaru, jiwe lisilopatikana London, na alililipa kwa mungu ambaye jina lake lenyewe, katika lugha alikotoka, lilimaanisha agano.

Mungu huyo ni Mithras. Safari ya jina lake ni ndefu kuliko ya Silvanus. Katika karne ya 14 KK wafalme wa Wahiti na wa Mitanni walipoandikiana mkataba, Mitra alikuwa mmoja wa miungu walioitwa kuushuhudia. Katika Avesta, maandiko matakatifu ya Wairani wa kale, Mithra ni mlinzi wa makubaliano: haruhusu mtu kuvunja ahadi, hata kama aliyeahidiwa ni mwovu. Ana macho yasiyolala na hadanganyiki. Katika karne ya 1 KK mfalme Antiochus wa Kommagene alijenga kaburi lake juu ya mlima Nemrut, katika Uturuki ya leo, na humo akasimamisha sanamu kubwa za miungu. Mmoja wao alipewa majina ya Apollo, Mithras, Helios na Hermes kwa pamoja. Tayari mungu wa Iran alikuwa ameanza kuvikwa majina ya Kigiriki.

Hata hivyo, katika maandiko yote hayo ya Mashariki hakuna mahali Mithra anapomuua fahali. Picha hiyo inatokea kwa Warumi, mwishoni mwa karne ya 1 BK. Mshairi Statius anaitaja kwa ufupi: Mithras akizipinda pembe zenye ukaidi ndani ya pango la Uajemi. Mojawapo ya sanamu za kwanza tulizonazo iko katika jumba la makumbusho la Uingereza, British Museum. Iliwekwa na mtumwa aitwaye Alcimus, msimamizi wa mali za Claudius Livianus, mkuu wa walinzi wa Kaizari Trajan. Hapo tunaona watu waliompokea mungu huyu walikuwa wa namna gani. Walikuwa askari wa mipakani, watumwa wenye madaraka, watumwa walioachwa huru, makarani wa forodha. Huko Poetovio, mji wa Ptuj katika Slovenia ya leo, kundi la mwanzo lilikuwa la watumwa waliotumikia ofisi ya ushuru. Kazi za watu hawa ziliwahamisha kutoka kambi hadi kambi na kituo hadi kituo, na mungu wao akahama nao, mpaka mahekalu yake yakaenea kutoka ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza hadi Dura-Europos kando ya mto Frati, na kutoka mto Rhine hadi Lambaesis katika Algeria ya leo, penye kambi ya Legio III Augusta.

Neno "alifanywa" katika jiwe la Silvanus limewapa wataalamu mjadala. Wako wanaolisoma kwamba huko Arausio ndiko alikoandikishwa jeshini, au ndiko alikopewa barua ya kustaafu. Wengine wanasema ndiko alikoingizwa katika siri za Mithras, akafanywa ndugu. Kwa vyovyote, jiwe limebeba safari ya mtu mzima: mji mmoja wa Galia, yaani Ufaransa ya leo, miaka ya utumishi katika kikosi ambacho makao yake yalikuwa Isca, kusini mwa Wales, na mwisho London, kando ya kijito cha Walbrook.

Hekalu ambalo jiwe hilo linahusishwa nalo lilijengwa kando ya kijito hicho karibu mwaka 240 BK. Lilikuwa na urefu wa mita 18 hivi na upana wa mita 8. Ukumbi wa katikati ulikuwa chini kuliko sehemu za pembeni, na ulitenganishwa nazo kwa safu mbili za nguzo, saba kila upande. Huko pembeni ndiko watu walikokaa, wakitazamana. Mwisho wa ukumbi, upande wa magharibi, kulikuwa na kibla cha nusu duara kilichoinuliwa, na hapo ndipo macho yote yalipoelekea. Katika kila hekalu la Mithras hapo ndipo picha ya fahali ilipowekwa.

Waumini waliyaita majengo yao pango. Mwanafalsafa Porphyry ameeleza sababu: pango lilikuwa mfano wa ulimwengu, na vitu vilivyomo vilipangwa kama nyota na sayari zinavyopangwa angani. Ilikuwa giza humo, na mwanga uliongozwa kwa makusudi. Carrawburgh, karibu na ukuta wa Hadrian, iligunduliwa madhabahu ambayo miale inayozunguka kichwa cha mungu imetobolewa jiweni. Nyuma yake jiwe limechimbwa nafasi ya kuweka taa. Taa ikiwashwa, miale inawaka. Fikiria mtu aliyeingizwa humo kwa mara ya kwanza, kutoka kwenye baridi na ukungu wa mpaka wa kaskazini, akiona jua linachomoza ndani ya jiwe.

Aliyeingia alipanda ngazi saba: Kunguru, Bwana Harusi, Askari, Simba, Mwajemi, Mjumbe wa Jua, na juu ya wote Baba. Kila ngazi ilikuwa chini ya ulinzi wa sayari mojawapo kati ya saba zilizojulikana wakati huo, jua na mwezi zikihesabiwa humo. Tunajua mambo machache ya ngazi hizo, na kila moja ni la kushika moyo. Aliyekuwa Simba alimiminiwa asali mikononi badala ya maji, kwa kuwa Simba ni wa moto na maji ni adui wa moto. Aliyekuwa Askari aliletewa taji juu ya upanga, akawekewa kichwani, naye akalisukuma kando na kusema kwamba Mithras ndiye taji lake. Habari hii ya taji inatoka kwa Tertullian, mwandishi Mkristo wa Karthago katika Afrika Kaskazini, ambaye aliwapinga watu hao kwa nguvu zake zote na bado akaona haya kwamba askari wa Mithras wana msimamo kuliko baadhi ya askari Wakristo. Wanawake hawakuwa wanachama. Makundi yalikuwa madogo, na kundi likizidi lilianzisha hekalu jingine. Ndiyo maana mji wa bandari wa Ostia, karibu na Roma, una mabaki ya zaidi ya mahekalu 15 ya mungu huyu mmoja.

Baada ya ibada walikula pamoja. Michongo mingi ya fahali ina upande wa pili, au picha ndogo pembeni, ambapo Mithras na Jua wameketi juu ya ngozi ya fahali yuleyule, wanakula na kunywa. Waumini nao walikaa katika mapango yao na kuiga karamu hiyo. Huko Tienen, Ubelgiji, wanaakiolojia walifukua mashimo yenye mabaki ya karamu moja kubwa: mifupa ya kuku kwa mamia, na ya wana-kondoo na watoto wa nguruwe. Mungu alichinja fahali, wao walichinja kuku, wakakaa mezani kama ndugu. Mtumwa na mwenye cheo walikaa benchi moja.

Udugu huo una ushahidi mmoja ambao kila ninapoukumbuka hunigusa. Huko Virunum, katika Austria ya leo, lilipatikana bamba la shaba lenye majina ya wanachama waliolikarabati hekalu lao mwaka 183 BK. Majina ni 34. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 184, bamba linasema walikusanyika kwa ajili ya vifo. Baadhi ya majina yamewekewa alama ya marehemu, na baada yake yameongezwa majina mapya. Zilikuwa zama za tauni kubwa iliyotembea katika himaya yote ya Roma. Wenzao walipoondoka, waliobaki walikutana, wakawakumbuka, wakaandikisha wengine, pango likaendelea.

Watu hawa waliapa kutunza siri, na waliitunza kweli. Hakuna kitabu chao kilichobaki. Kilichobaki ni picha, iliyorudiwa mamia ya mara kwa ukubwa wote, kutoka ukuta mzima hadi kibamba cha kiganja. Mpango wake ni uleule karibu kila mahali. Mbwa anarukia damu, nyoka naye anaiendea. Nge anashika korodani za fahali. Kunguru anatazama kutoka juu. Na kwenye ncha ya mkia wa fahali, au kwenye jeraha lenyewe, yanachipua mashuke ya ngano.

Mtaalamu wa kwanza kuikusanya picha hii kwa utaratibu alikuwa Mbelgiji Franz Cumont, aliyetoa kazi yake kubwa katika miaka ya 1890. Yeye alitafuta ufunguo Iran, katika simulizi ya kale ya ng'ombe wa kwanza ambaye mwili wake ulizaa nafaka na mimea. Ila katika simulizi hiyo anayemuua ng'ombe ni pepo mwovu, naye Mithras hatajwi. Kwa muda mrefu maelezo ya Cumont yalitawala, mpaka wataalamu waliokutana Manchester mwaka 1971 walipoyahoji waziwazi. Wengi wakageukia wazo lililokuwa limeshatolewa na Mjerumani K. B. Stark tangu mwaka 1869, kwamba wanyama wa kwenye mchongo wasomwe angani.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko lugha nyingi. Fahali ni buruji ya Ng'ombe. Nge ni Nge. Zote mbili ziko pande mbili za anga zinazokabiliana, moja ikizama magharibi nyingine inachomoza mashariki. Kati yake, kwa kufuata njia ileile, wamo Mbwa, Nyoka wa Majini na Kunguru, nyota ambazo Wagiriki na Warumi walizipa majina hayo. Halafu yako mashuke. Buruji ambayo Wazungu huiita Bikira, sisi tumeipokea kwa Waarabu kwa jina la Sumbula, yaani shuke la nafaka, na magazeti yetu huiandika Mashuke. Nyota yake ing'aayo kuliko zote ndilo shuke lenyewe, na Warumi nao waliiita hivyohivyo. Mtu aliyezoea kusoma "nyota yako wiki hii" anakuta shuke kwenye mkia wa fahali na kulitambua mara moja.

Tena kuna Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima wetu walikitazama ili kujua majira ya kulima. Kilimia kimekaa begani mwa Ng'ombe wa angani. Rudi kwenye bamba la London utazame jambia linaingia wapi: begani. Watu walioabudu katika pango la Walbrook nao walijua kwamba kishada hicho hufungua na kufunga majira. Kufa kwa fahali chini ya nyota hizo kulihusiana na kugeuka kwa mwaka, na mashuke yanayochipua kwenye damu yanasema jambo hilo kwa sauti ambayo mkulima yeyote angeisikia. Mmarekani David Ulansey alikwenda mbali zaidi mwaka 1989, akasema picha inasherehekea nguvu inayouzungusha mhimili wa anga nzima, nguvu iliyogunduliwa na Mgiriki Hipparchus katika karne ya 2 KK. Wengi hawakumfuata hadi huko. Hata hivyo pete ya buruji kwenye jiwe la Silvanus inatosha kutuambia kwamba aliyelichonga alitaka tumwone fahali huyu katikati ya anga.

Liko jambo moja zaidi ambalo macho hulikosa mara ya kwanza. Aliyewahi kushuhudia mnyama akichinjwa anajua kwamba mchinjaji hukaza macho pale kisu kinapopita. Katika michongo mingi Mithras ameugeuza uso. Anatazama nyuma na juu, mara nyingi kuelekea alipo Jua, na uso wake una huzuni badala ya ushindi. Anatenda kama mtu aliyepewa kazi ambayo lazima ifanyike, naye amekubali kuifanya kwa sababu aliahidi.

Mwaka 308 BK watawala wa Roma, Diocletian, Galerius na Licinius, walikutana Carnuntum kando ya mto Danube, wakalikarabati hekalu la Mithras na kumwita msaidizi wa himaya yao. Dini ya mapangoni ilikuwa imefika juu kabisa. Miaka michache baadaye Kaizari Constantine aliupa Ukristo uhuru, kisha upendeleo. Mwaka 376 au 377 Gracchus, mkuu wa jiji la Roma, alivunja pango la Mithras na sanamu zake kabla ya kubatizwa. Mwandishi Mkristo Jerome anamsifu kwa hilo. Mwaka 391 Kaizari Theodosius alipiga marufuku ibada za miungu ya zamani.

London sanamu zilikuwa zimeshazikwa mapema katika karne hiyo ya 4. Zilifukiwa chini ya sakafu ya hekalu lenyewe: kichwa cha Mithras, kichwa cha mungu wa kike Minerva, na kichwa cha Serapis, mungu wa Misri, aliyebeba pishi la kupimia nafaka juu ya utosi wake. Jengo likaendelea kutumika, sasa kwa ibada ya Bacchus, mungu wa mvinyo. Kisha paa likaanguka, udongo ukapanda, kijito kikafunikwa, na jiji likajengwa juu yake tabaka baada ya tabaka.

Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia ndiyo yaliyoufungua uwanja huo tena. Kabla ofisi mpya hazijajengwa, mwanaakiolojia W. F. Grimes alipewa nafasi ya kuchimba. Tarehe 18 Septemba 1954, siku ambayo kazi ilipangwa kumalizika, kichwa cha Mithras kilitokea matopeni, kofia yake imelalia mbele na macho yameinuka. Habari ilipochapishwa magazetini, watu walipanga foleni mitaani kuja kutazama. Kwa majuma mawili inakadiriwa walifika 400,000, katika jiji ambalo bado lilikuwa na vifusi vya vita. Ndipo bamba la 1889 lilipohusishwa na nyumba hii.

Mawe ya hekalu yalihamishwa, yakapangwa upya mwaka 1962 mbali kidogo na mahali pake, kwa namna ambayo Grimes mwenyewe hakuikubali. Yalirudishwa baadaye, na tangu Novemba 2017 yako tena karibu kabisa na pale yalipokuwa, mita saba chini ya barabara, ndani ya jengo la kampuni ya Bloomberg. Mgeni huteremka ngazi, na kadiri anavyoteremka kelele za magari zinabaki juu. Chini kuna giza, mwanga kidogo, na ukungu uliopangwa ili kuta zilizokwisha kuanguka zionekane zimesimama tena.

Bamba la Silvanus ni mali ya makumbusho ya jiji. Yeye hakuandika aliomba nini. Huenda lilikuwa jambo la vita, la ugonjwa, au la bahari kati ya Galia na Uingereza, na hilo alilibakiza kati yake na mungu wake. Alichotaka kijulikane ni kwamba aliahidi na amelipa. Alipanga anga lote kulizunguka neno hilo: jua likipanda, mwezi ukishuka, pepo, buruji 12, na katikati yake mungu wa agano akitimiza la kwake. Kisha akaweka jina lake pembeni, kama mtu anayetia sahihi kwenye hati ya deni lililokwisha.